Dakika Arobaini na Tano Hadi Kisumu

Mgeni rasmi, meneja wa shirika la ndege linalobeba maua yetu. Wakubwa wa shamba. Nanyi wenzetu mlioacha chai ipoe:

KARIBU THIKA
Tumefurahi, tena sana. Miaka yote ndege zenu tumeziona matumbo tu, kwa chini. Leo tumemwona mtu wa ndege uso kwa uso, na kumbe anapenda mandazi kama sisi.

SISI NI NANI
Ni wafungaji wa waridi, wanawake thelathini na mmoja, pamoja na Mwanzia, supavaiza wetu. Hakuna aliyewahi kupanda ndege. Lakini Nairobi hadi Amsterdam tunakujua: kilomita elfu sita na mia saba hivi, saa nane na nusu. Asubuhi tukivaa aproni, mmoja huuliza, "Ndege ya jana iko wapi?" Mwingine hujibu, "Imeshuka. Maua yanafunguliwa saa hii." Hapo tunamwona mtu asiyetujua akiyanusa.

MAFANIKIO
Kwa miaka tisa tuliipungia mkono ndege ya saa kumi. "Yetu hiyo! Nenda salama!" Juzi Dismas, dereva anayepeleka maboksi uwanjani, akatuambia, "Nyinyi akina mama, hiyo inaingia, haitoki." Ngai, tulicheka! Bado tunaipungia. Mkono ulishazoea.

CHANGAMOTO
Ni moja. Mama Emmaculate Awiti amesimama kwenye meza ya kufungia miaka ishirini na miwili, na sasa mgongo umekataa. Daktari amemkataza kukaa kitini zaidi ya saa moja. Anastaafu Ijumaa. Kwao ni Ahero, karibu na Kisumu, na safari ya basi hadi huko ni saa nane. Mara ya mwisho alishuka Nakuru akilia, ikabidi arudishwe. Mamake ana miaka tisini na mmoja. Kila Jumapili anapiga simu na kuuliza, "Umefika wapi?" Inatuuma, mgeni rasmi. Awiti mwenyewe hakututuma. Yuko pale nyuma, ameegemea ukuta, ametukasirikia.

OMBI
Ndege yenu ya abiria, Nairobi hadi Kisumu: kilomita mia mbili sitini na kitu, dakika arobaini na tano. Tumepiga hesabu pamoja na ule muda wa kungoja iruke, na saa moja haiishi. Tunaomba kiti kimoja, cha dirishani kikiwepo. Ni cha kwenda tu, kurudi hatuombi.

Viti vikiwa vimejaa, usisumbuke. Tumempima kwenye mizani ya maboksi: kilo hamsini na mbili. Mpakie na mizigo, alale. Tutamfunga sisi wenyewe, na wewe unajua, tangu tuanze kazi hii hakuna ua letu lililofika limevunjika.

Mungu akulinde juu na chini, na kila mtu unayemfikisha kwao.

Ni sisi,
Wafungaji wa Waridi, Meza ya Tatu.
Msomaji: Kanini Mutie.