Ubatizo wa Alhamisi

LANUOLA: Haloo? Nani mwenzangu asubuhi asubuhi hivi?

SALAFAI: Talofa, wifi! Mimi Salafai, huku Sydney. Mmeamkaje hapo Canberra?

LANUOLA: Salama, wifi. Baridi tu inatutafuna. Kaka yako Ioane yuko nje anapasha gari moto.

SALAFAI: Vizuri, vizuri. Na Manaia wangu?

LANUOLA: Huyu hapa kifuani, ndiyo kwanza kaamka. Anatafuta ziwa—

SALAFAI: Usimpe!

LANUOLA: Ee?

SALAFAI: (anacheka) Namaanisha... safari, wifi. Masaa matatu mazima garini. Atawatapikia.

LANUOLA: Mtoto wa miezi mitano nimnyime ziwa mpaka Sydney? Si atatupasua masikio?

SALAFAI: Mpe maji kidogo. Lakini maziwa, kuanzia saa moja, hapana.

LANUOLA: Saa moja kamili. Wifi, tangu lini ubatizo ukawa na saa ya kunyonya?

SALAFAI: Haloo? Haloo? Mtandao huu—

LANUOLA: Mimi nakusikia vizuri sana. Halafu nilimwambia Ioane tupakie ile mikeka ya mama ya kutoa zawadi, akasema dada kakataza.

SALAFAI: Aa, siku hizi mambo madogo madogo tu—

LANUOLA: Msamoa gani anabatiza mtoto bila mkeka hata mmoja? Bila nguruwe? Alhamisi, watu wote wako kazini?

SALAFAI: Mchungaji ndiye aliyepanga—

LANUOLA: Mke wa mchungaji nilimpigia jana. Habari ya ubatizo kaisikia kwangu.

(Simu inakwaruza.)

LANUOLA: Ni yule daktari wenu wa upasuaji, siyo?

SALAFAI: Wifi, tulia. Ni kitu kidogo. Analala, anaamka, basi, ni msichana kamili. Hakuna wa kumcheka shuleni.

LANUOLA: Manaia anaumwa nini? Anakojoa vizuri, ananenepa. Kazaliwa katikati, si msichana moja kwa moja wala mvulana. Basi! Hapa Canberra sheria inamlinda. Hakatwi mpaka baraza la wataalamu likae likubali. Ndiyo maana mkamtafutia mpaka wa kuvuka, huko kwenu sheria hiyo haipo!

SALAFAI: Ioane ni baba yake, ameshasaini—

LANUOLA: Na mwenye mwili kasaini?

(Honi nje.)

SALAFAI: Huyo anakuita. Twende, wifi, utakuja kunishukuru. Mbona mimi nilimfanyia hivyo hivyo mwanangu Lupe—

LANUOLA: Lupe yuko wapi?

SALAFAI: Si yuko Perth, kazini.

LANUOLA: Perth najua. Nauliza, chakula cha Jumapili mezani kwako alikula lini mara ya mwisho?

SALAFAI: Ana shughuli nyingi, yule—

LANUOLA: Miaka sita, wifi. Tangu alipoomba faili lake hospitali.

(Kiti kinaburutwa upande wa Salafai.)

LANUOLA: Upo?

SALAFAI: Aliniuliza kitu kimoja tu. "Mama, nani alikwambia naumwa?" Nikamwambia kula kwanza, chakula kinapoa. Akaondoka. Sahani yake niliifunika mpaka Jumatatu.

LANUOLA: Wifi...

(Honi, mara mbili. Mtoto anaanza kulia.)

SALAFAI: Ndiye huyo analia?

LANUOLA: Njaa hiyo. Na baba yake huyo anakuja mlangoni. Wifi, nikikataa atambeba mwenyewe, namjua.

SALAFAI: Salio langu linakwisha. Sikiliza. Saa ngapi hapo?

LANUOLA: Saa moja na robo.

SALAFAI: Hawamtii dawa ya usingizi mtoto aliyetoka kunyonya. Wanamrudisha nyumbani.

LANUOLA: Unasemaje?

SALAFAI: Nasema mnyonyeshe, Lanuola. Mnyonyeshe ashibe, hata njiani, na huyo Ioane mpe simu nimwambie mwenyewe habari za Lu—

(Simu imekatika.)