Agneta Jumwa Ngala, Aliyeomba Matope ya Mikindani Yapimwe

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Mikindani na wa hapa Miritini, asanteni kwa kufika kwenu. Maisha haya ya dada yetu yameandikwa na mdogo wake, Sidi. Pale kalamu ilipoteleza, mtamvumilia.

Agneta Jumwa Ngala alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 katika kijiji kilicho karibu na Kaloleni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Ngala Kadenge na mama yetu Kache. Jina la Agneta alilipata kwa ubatizo akiwa na miaka tisa. Nyumbani alibaki Jumwa.

Alianza shule mwaka 1975 na kumaliza darasa la saba mwaka 1981. Mwalimu alipofunga somo alikuwa akiuliza, "Kuna swali?" Darasa zima lilijibu, "Hakuna, mwalimu," kwa sababu uji ulikuwa tayari nje. Jumwa aliinua mkono. Wenzake walimvuta sketi: "Keti wewe, uji unapoa!" Hakuketi mpaka ajibiwe. Mtihani alipita, lakini mwaka huo baba aliugua mguu, na mkubwa wetu akabaki nyumbani kulima.

Mwaka 1985 alikuja kwa shangazi Mikindani, akapata kibarua cha kushona magunia katika kiwanda kimoja cha Changamwe. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1993 aliwafuata akina mama waliokuwa wakishuka mikokoni maji yakipwa, kila mmoja na ndoo na kisu chake, kuokota chaza kwenye mizizi. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Alijua mzizi gani una chaza wanono, na alijua kumfundisha mgeni bila kumcheka. Kikundi cha akina mama kilipoundwa mwaka 2009 walimchagua mwenyekiti, naye akakaa katika kiti hicho hadi kufa kwake.

Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na bwana Phineas Musyoka, mfanyakazi wa bandarini. Mungu aliwajalia watoto watatu. Shemeji Phineas ni mtu wa maneno machache, lakini miaka ya karibuni, akimwona mkewe anavaa viatu vya kutokea, aliuliza, "Hivi huyu nilimwoa mimi au ilimwoa kamati?" Jumwa alimjibu, "Chai iko kwenye chupa, mume wangu. Kamati haijui kupika."

Haya mambo ya kamati na vikao lazima yaelezwe, maana ndiyo yaliyokula miaka yake ya mwisho.

Kuanzia mwaka 2016 chaza wa Mikindani walianza kukutwa wamefunguka, wamekufa. Matope yalibadilika harufu. Akina mama walitoka vipele mikononi, na watoto, wakiwemo wa aliyeandika haya, waliumwa matumbo mara kwa mara. Jumwa alitaka jambo moja tu. Maji, matope na chaza wa pale wapimwe, na majibu yaletwe kwa Kiswahili kwa wale wanaowala. Alipouliza maofisini aliambiwa kwamba utafiti wa bahari haufanywi kwa kupenda. Kuna orodha ya taifa zima ya mambo yatakayochunguzwa kwanza. Mkono wa bahari wa Mikindani hauchunguzwi mpaka uingie humo. Wananchi wataulizwa. Basi akangoja aulizwe.

Wageni wa hiyo orodha walifika Jumatano, tarehe 16 Novemba 2022, katika ukumbi wa kanisa. Walisoma orodha yao: samaki wa maji makuu, njia za meli, kilimo cha mwani, na mengine hadi kumi. Mikindani haikuwemo. Jumwa alikuwa na swali lake tayari, ameliandika. Lakini kwetu mgeni haulizwi kabla hajakaribishwa, na mwenyekiti ndiye mwenye kukaribisha. Akasimama, akasema, "Akina mama, wageni wetu wametoka mbali. Tuwapigie makofi ya kilo!" Watu wakapiga, na vigelegele juu. Wageni wakapewa chai na viazi karai, ili baada ya hapo maswali yaanze. Walipomaliza chai wakaangalia saa, wakashukuru, wakaingia garini. Walikuwa na kikao kingine.

Mwezi Juni uliofuata kitabu cha maoni kilitoka. Binti yake Linda alimsomea: "Mikindani. Waliohudhuria sitini na wanne. Orodha ilipitishwa kwa makofi, bila pingamizi."

"Soma tena," Jumwa alimwambia.

Linda akasoma tena.

"Yale makofi yalikuwa ya kukaribisha wageni! Nani amepitisha? Nimewauza wenzangu kwa mikono yangu hii."

Mwanasaumu, mwenzake wa tangu zamani mikokoni, alijaribu kumchekesha. "Mwenyekiti, siku nyingine tuwakaribishe kwa kununa." Jumwa hakucheka.

Tangu hapo alizunguka kuyarudisha makofi yale. Linda alimwandikia barua tatu za kupeleka maofisini, na zote zilijibiwa kwamba zimepokelewa. Septemba 2023 aliposikia kuna kikao Likoni, alivuka na mdogo wake. Mezani alikuwepo binti wa ofisi aitwaye Lynnette, mwenye adabu zake. Alimwamkia shikamoo, kisha akamwambia, "Lakini mama, maoni ya Mikindani yalishachukuliwa. Haya ni ya Likoni."

"Marahaba, mwanangu. Maji ya Mikindani yanakwenda wapi?"

"Baharini."

"Na haya ya Likoni?"

"Baharini, mama. Lakini fomu zimegawanywa kwa wadi."

"Basi muwaandikie kaa barua, wasivuke wadi."

Watu walicheka, na binti mwenyewe akacheka. Jina la Jumwa halikuandikwa.

Mwaka 2024, kikao cha Ziwa la Ng'ombe, alipewa kipaza sauti dakika mbili. Alieleza vizuri, wengi tulishuhudia. Karatasi ilipobandikwa ukutani, maneno yake yalikuwa chini kabisa, penye kichwa kisemacho Mengineyo. Njiani kurudi alikuwa akirudia peke yake, "Miaka thelathini nimelisha watoto mengineyo?"

Oktoba mwaka huo alianza kuchoka na kuvimba tumbo. Alilazwa mara mbili. Madaktari walisema ni ini. Daktari mmoja alimuuliza kazi yake, akamuuliza na anachokula, akaandika yote. Tulipomuuliza kama ni yale matope, alisema hawezi kujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyapima. Hatusemi matope ndiyo yaliyomwua. Hatujui. Na huko kutojua ndiko alikokuwa akikupigia kelele, na sasa sisi tuliokula chaza pamoja naye tunalala nako.

Mwezi Mei tulisikia kwamba orodha inapitiwa upya, na maoni yatapokelewa hadi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Jumwa aliijaza fomu kitandani kwa mkono wake, mistari ikipanda na kushuka. Alilala usingizi wa mwisho Alhamisi, tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi, mumewe na Linda wakiwa kando yake.

Jumatatu iliyofuata Linda aliipeleka fomu ofisini. Walipoandika namba ya kitambulisho waliuliza kwa nini mwenyewe hakuja. Linda hakujua kusema uongo. Walimpa pole, wakamrudishia fomu. Maoni ni ya walio hai, walisema.

Kwa hivyo familia ina ombi. Kando ya kitabu cha rambirambi kuna fomu mia mbili, Linda amezitoa nakala. Wa Mikindani mliofika leo, msiandike pole peke yake. Andikeni na mliyoyaona kwa macho yenu mikokoni, kila mtu kwa jina lake na kitambulisho chake. Asiyejua kuandika, Maxwell, mwana wa marehemu, atamwandikia. Na tafadhali, atakayezungumza baada ya hapa asituambie kwamba dada alikuwa mvumilivu. Hakuwa. Alichoka, na alikuwa na haki ya kuchoka.

Marehemu ameacha mume, Phineas Musyoka, watoto, Linda, Maxwell na Thoya, wajukuu wanne, mama yake, Kache, ndugu, Sidi, Ngala na Karembo, na akina mama thelathini wa kikundi, ambao kesho maji yakipwa watashuka tena, kwa kuwa hawana pengine pa kwenda.

Bwana ampumzishe dada yetu kwa amani. Kalamu ziko mezani, upande wa kivuli.