Mama Brashi na Maji Tuliyoyamwaga

Miaka thelathini na mmoja Mama Brashi ameosha vyombo vya maabara yetu, na tarehe thelathini mwezi huu anastaafu. Kamati ya sherehe ya kumuaga imeniomba niandike maneno matamu. Ninayo, ila yana machungu ndani yake.

Alikuwa mkali. Ukimwachia chupa chafu bila salamu, utaikuta kwenye kiti chako, chafu vilevile. Mkuu wa maabara aliwahi kuikalia.

Sisi wataalamu tulichunguza maziwa ya mama. Tulichukua mafuta na protini, maji ya sukari yaliyobaki tukayamwaga, maana, mbali na ile ya kawaida ya maziwa, zimo sukari ambazo mtoto mchanga hawezi kuzimeng'enya. Taka, tulisema. Mama Brashi, asiyependa kupoteza maji, akayatumia kulowekea chupa tulizooteshea bakteria wanaoua vichanga. Jumatatu moja akaona tofauti: chupa zilizolowekwa kwenye maji ya bomba zilikuwa na utando unaoteleza; zilizolowekwa kwenye yale ya maziwa hazikuwa nao.

Akaja kutuambia. Mkuu akamjibu, "Mama, we osha chupa." Tukacheka. Na mimi nilicheka.

Alirudi Jumatatu tisa mfululizo. Ya kumi aligoma kuosha, akazipanga chupa safu mbili juu ya meza ya mkuu mpaka mkuu mwenyewe akalazimika kutazama. Miaka miwili baadaye tulithibitisha: sukari zile huwazuia bakteria kukua na kujijengea utando wa kujikinga. Ripoti ilimshukuru hata fundi wa mashine. Mama Brashi hakutajwa popote. Alipoiona, aliniomba nimwonyeshe ukurasa wenye jina lake, mjukuu wake akalisome. Nikajifanya naitwa nje.

Jina langu lilikuwa la tatu, nami nilikaa kimya. Inanikera mpaka leo. Na sasa tunampa saa ya ukutani! Hivi hatuoni haya?

Ripoti ya pili inakwenda kuchapwa Ijumaa. Nimefuta jina langu, nimeandika lake palepale, kamili, pamoja na la ukoo. Anayetaka kulitoa asimame siku ya sherehe aseme mbele yake.

Ahsante sana, Mama Brashi. Upumzike kwa raha, na afya isikupungue. Mwambie mjukuu wako asihangaike kutafuta: ni ukurasa wa kwanza, jina la tatu.