Nirudishie Ubovu Wangu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu ulioegemea ukuta wa kibanda cha fundi redio. Upande mmoja umekaliwa hadi unang'aa. Upande wa pili una msumari ambao kila mgeni hukutana nao mara moja tu, hasahau. Hapo ndipo dunia inaporekebishwa kila asubuhi. Mwenye kibanda anaitwa Masikio, maana redio mbovu huisikiliza kwanza, kichwa kainamisha, macho kayafumba, na ugonjwa wake anautaja kabla bisibisi haijagusa skrubu. Kulia kwake hukaa Kinanda, mpigaji wa kumbi za harusi, mtu wa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Kushoto hukaa Katibu, karani mstaafu wa masjala, ambaye hata salamu anaitoa kama barua. Kahawa ni ya Bi Birika, naye hakai benchini, ana kigoda chake. Anasema akikaa nao ataanza kuwaamini.

Siku hiyo wenzake walimkuta Masikio amesimama mlangoni, simu mkononi, mishipa ya shingo imemtoka.

— Nimeitwa mwizi, alisema.

— Na nani tena? akauliza Kinanda.

— Yule dereva wa lori, mwenye mashine ya gemu. Kapiga simu anafoka kama nimemuulia mtu. Anasema nimeng'oa matumbo ya mashine yake nikatia mengine. Anakuja nayo sasa hivi. Nisipomrudishia vitu vyake, atasimama hapa hapa aitangazie njia nzima.

Fundi akishapachikwa jina la kubadilisha vifaa vya watu, hata iwe uongo mtupu, kazi imekwisha. Watu hawamwachii tena kitu. Masikio alikuwa amekaa kwenye kibanda kile miaka ishirini na miwili bila doa, na jina lake safi alilipenda kuliko chakula.

— Tuanze na utambulisho wa kifaa, alisema Katibu. Ni mashine ipi?

— Ile ya kijivu ya kizamani, ya kuchomeka kaseti. Anayo tangu utotoni. Aliileta haiwaki, waya wa umeme umekatika ndani. Kazi ya robo saa. Ila ilipowaka, jamani, nikausikia muziki wake. Niliumia!

— Uliumia nini?

— Nusu ya muziki haipo! Sikilizeni. Chipu ya mashine zile ina njia mbili za kutolea sauti. Njia ya kwanza inatoa sauti mbili za juu, zile zinazoimba. Njia ya pili inatoa bezi, na ule mvumo wa shaa-shaa unaofanywa ngoma. Sasa hii ya dereva, njia ya pili imekufa. Nyimbo zinalia huko juu peke yake, nyembamba, utadhani mbu wawili wanagombana. Nikafungua, nikatafuta, nikakuta risasi ya kulehemu imepasuka kwenye bodi, ufa mwembamba huuoni bila lenzi. Nikalehemu upya. Bezi hiyo ikaingia! Nywele zilinisimama, wallahi.

— Ukamwambia mwenyewe? aliuliza Bi Birika bila kuinua macho kutoka kwenye birika.

— Kumwambia wa nini? Mimi napenda mtu afike kwake, awashe, ashtuke mwenyewe. Hiyo ndiyo raha ya kazi yangu.

— Basi ameshtuka.

Kinanda alicheka hadi miwani ikamteleza puani. Masikio hakucheka. Kila mtu pale alijua tabia yake hiyo. Ukimletea redio ya kubadilisha kitufe, anakusafishia na spika, halafu anakurudishia kimya kimya na kuvizia uso wako.

— Lakini tusiwatanie waliotunga muziki wa mashine zile, alisema Kinanda, akaketi vizuri kama mtu anayeanza mahubiri. Mimi kinanda changu kina sauti mia tatu. Mia tatu! Na bado harusini naambiwa nipunguze, wazee wanaongea. Wale watu walipewa sauti nne. Nne, basi. Hawana nafasi ya kupiga noti tatu kwa pamoja, wanafanyaje? Wanazipiga moja moja, mbio mbio, tiriririri, mpaka sikio lako linadanganyika linasikia zote tatu. Huo ni ujanja wa mtu aliyebanwa.

— Na ukiruka kwenye gemu je? alidakia Masikio, hasira imeanza kumtoka kwa utamu wa mada. Ule mlio wa kuruka, pyuu! Mashine inaazima sauti moja ya wimbo, inaitumia kurukia, kisha inairudisha mahali pake. Wimbo unachechemea kidogo na hakuna mtu anayejua. Mtu umecheza utoto mzima, umeruka mara elfu, hujawahi kuhisi!

— Kwa hiyo kila sauti ilikuwa inaombewa ruhusa, alisema Katibu, ameridhika sana. Mimi nilijua tu. Muziki ule ulitungwa na makarani. Mwanamuziki wa kawaida hawezi nidhamu hiyo.

— Thubutu! Karani gani?

— Karani yeyote aliyewahi kukaa ofisi yenye kiti kimoja na watumishi wanne.

Bi Birika akawajazia vikombe. Akauliza kama kuna aliyekumbuka kwamba dereva yuko njiani.

— Dereva hana hoja, alisema Kinanda. Tatizo ni televisheni yake. Atakuwa kachomeka kwenye hizi bapa za siku hizi. Mashine ya zamani inataka televisheni ya chogo, yenye kifua. Bapa haina mahali pa kuweka bezi, kwa hiyo bezi inatoka imebanwa, mtu anadhani kabadilishiwa.

— Si hilo, alipinga Katibu. Sauti ile ilifungiwa ndani miaka mingapi? Thelathini? Sauti haiozi. Inajirundika. Siku mlango ukifunguliwa inatoka yote kwa pamoja, ya miaka thelathini. Mwacheni aicheze wiki mbili, limbikizo litakwisha.

— Limbikizo la bezi! Kinanda akajipiga paja. Haya, mimi nakwambia chipu inamjua mwenyewe. Umeishi na mtu tangu mdogo, mkono wake unaujua, jasho lake unalijua. Akija mgeni na chuma cha moto kukuchokonoa, hutabadilisha sauti?

— Inawezekana kabisa, alisema Katibu. Hapo mashine imekata rufaa.

Masikio aliwasikiliza huku akijipa moyo. Nadharia zote zilikuwa upuuzi, lakini zilikuwa upande wake, na mtu anayengoja kutukanwa hachagui wa kumtetea. Mwenyewe hakuwa na wasiwasi na kazi yake hata chembe. Alikuwa na wasiwasi na mdomo wa dereva.

Lori likaegeshwa ng'ambo ya barabara. Dereva akateremka, mtu wa miaka arobaini na ushee, mabega mapana, mashine kaifunga kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kwenye kiti cha abiria alibaki mama mtu mzima, kioo ameshusha nusu.

— Fundi, vitu vyangu viko wapi?

— Karibu kwanza, kaka. Kunywa kahawa.

— Sikuja kunywa kahawa. Washa usikie mwenyewe.

Masikio akaichomeka kwenye televisheni ya chogo iliyokaa juu ya meza ya kazi. Wimbo wa kufungulia gemu ukaanza, zile sauti mbili za juu zikifukuzana, na chini yake bezi ikitembea kwa maringo, du-dum, du-dum, ngoma ikiisindikiza shaa, shaa. Kinanda akaanza kutikisa goti bila kujijua.

— Hiyo! alisema dereva, kidole mbele. Hiyo du-dum. Mimi wimbo huu naujua kuliko sala. Haukuwa na hiyo kitu. Umenitilia chipu ya mtu mwingine.

— Nipe dakika tano, alisema Masikio.

Akazima, akafungua skrubu mbele ya macho ya wote, akashika chuma cha kulehemu, akayeyusha ile risasi aliyoitia na kuinua kijiguu kimoja cha chipu, kidogo kama punje ya mchele. Akawasha tena bila hata kufunga kifuniko. Wimbo ukatoka mwembamba, mkavu, sauti mbili tu.

Uso wa dereva ukabadilika pale pale. Mabega yakashuka.

— Hiyo ndiyo, alisema polepole. Jamani, hiyo ndiyo yenyewe.

— Umeona? Mashine ni yako, chipu ni yako, hata vumbi nimekuachia. Palipasuka hapa, sauti za chini zikawa hazipiti. Pengine iliangushwa siku ile ile ilipofika kwenu. Mimi niliziba ufa, basi.

Dereva alimtazama fundi, akaitazama mashine, akashusha pumzi.

— Nimekukosea, ndugu yangu. Wizi nimeufuta, mbele ya hawa wote. Niwie radhi.

— Imeandikwa, alisema Katibu.

Masikio alihisi kifua kimepanuka. Akachukua tena chuma cha moto ili akirudishe kile kijiguu mahali pake, na dereva akamshika mkono.

— Usiguse. Iache hivyo hivyo.

— Hivyo vipi?

— Hivi ilivyo sasa. Nirudishie ubovu wangu, fundi.

Hata Bi Birika aliinua kichwa. Masikio alidhani ni mzaha, akasubiri mtu acheke, hakucheka mtu.

— Kaka, nisikilize. Siwezi kutoa mashine mbovu mkononi mwangu. Kesho mtu atakuja kwako, ataisikia inalia hivi, atakuuliza nani aliyeitengeneza. Utamtajia mimi!

— Nitamwambia nilitaka mwenyewe.

— Hataamini. Mimi mwenyewe nakuona hapa na siamini.

— Wewe unasikia kasoro, fundi. Mimi nasikia nyumbani. Tulikuwa watano kwenye chumba kimoja na hii mashine. Hiyo du-dum yako ni nzuri, sikatai, lakini haikuwepo.

Masikio ilimuuma, ilimuuma kweli. Kuitwa mwizi aliweza kujitetea. Kuambiwa avunje alichokitengeneza, na kuambiwa kwa upole, hakuwa na pa kushika.

— Basi nipe kitu kimoja, alisema. Naiunga mara ya mwisho. Usikilize wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho, bila hasira. Ukimaliza ukisema kata, nakata, na sitakudai neno.

Dereva akafikiri, akakubali kwa kichwa. Masikio akazima, akaunga, akawasha. Wimbo ukaanza upya. Dereva alisimama mikono kifuani. Akasikiliza kwa haki, lazima isemwe, hakujifanya. Wimbo ukafika mwisho, ukajizungusha wenyewe kama nyimbo zile zinavyofanya, ukaingia raundi ya pili.

— Asante, fundi. Kata.

Masikio akanyoosha mkono kwenye swichi. Ndipo nyuma yao sauti ikaanza kuguna, kuimba kwa mdomo uliofumbwa.

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, nzito, ya chini, isiyo na haraka. Du-dum, du-dum. Yule mama alikuwa amechoka kungoja kwenye lori, akavuka barabara, na sasa alikuwa amesimama kwenye ncha ya benchi, mkoba kwapani, anaguna pamoja na mashine. Hakuifuata. Alikwenda nayo sawasawa, na katikati, pale bezi inapoacha njia yake ghafla na kupanda juu ngazi tatu, yeye alipanda kabla haijapanda. Kinanda akavua miwani.

— Mama, dereva alisema. Umeijulia wapi hii?

— Kuijulia? Huu si ule wimbo wenu wa kelele? Mimi niko jikoni, nyinyi mko chumbani mnashindana kupiga yowe, nausikia wimbo unaning'inia tu hewani, hauna chini. Nikawa nautilia chini yake. Na nyinyi mlikuwa mnaniambiaje?

Dereva shingo ilimwinamia, na lile jibaba la mabega mapana likawa la miaka minane.

— Mlikuwa mnaniambia, mama nyamaza, unatuharibia wimbo. Wote watano. Nikanyamaza.

Mashine ikaingia raundi ya tatu. Mama akasogea hadi kwenye meza, akaitazama ile bodi iliyo wazi na vitu vyake vidogo vidogo, akamtazama Masikio usoni kwa muda mrefu, bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua tu.

— Hii ya chini ni yangu mimi, fundi. Niliitunga mwenyewe, sijamwimbia mtu hata mmoja tangu hapo. Wewe umeitoa wapi?

Masikio akafungua mdomo. Njia mbili za sauti, ufa, risasi, kila kitu kilikuwa tayari ulimini, na hakikutoka. Angemwambia ilikuwemo ndani siku zote? Angemwambia si yake? Alimgeukia Kinanda, Kinanda akaanza kuifuta miwani. Katibu, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu aajiriwe, alikuwa anakisoma kikombe chake. Dereva alikuwa amelipa mgongo benchi zima, na kiganja kimefunika macho.

Bi Birika akainuka, akampa mama kigoda chake.

— Haya, msinijibu, mama akasema akikaa, akamgeukia mwanawe. Baba, hebu uzime, uanze tena mwanzo. Nimeingia nimechelewa.