Nyumba Inauzwa, Ulizia Kijiweni

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka la misumari na rangi, pale barabara ya lami inapoachana na vichochoro. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi, umewekewa kipande cha tofali, na anayekaa upande huo hujifunza kucheka polepole. Mbele yake Mama Birika huweka jiko la mkaa na kahawa yake, na watu wake wa kila siku ni watatu. Kuna Hakimu, ambaye miaka yote alikuwa mfungua mlango mahakamani, akastaafu na sheria zote alizozisikia kwenye upenyo. Kuna Kipa, aliyedaka mpira ujanani na tangu hapo hajaacha jambo limpite. Na kuna Waya, fundi umeme, anayeamini kila tatizo duniani lina waya uliofichwa mahali. Asubuhi ile akaongezeka Fundi Pindo, mshonaji, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikaa upande wa tofali, akanyoosha mkono kupokea kikombe, asisalimie mtu. Kwa mtu mwenye adabu kama Pindo, hiyo pekee ilikuwa habari.

— Wameondoka, akasema.

— Nani tena? akauliza Mama Birika.

— Wanunuzi. Mtu na mkewe. Hata vyumba hawakuingia. Wamesimama uani, mume anatazama bati la jirani, mke ananiuliza eti ni kweli jikoni kwangu kuna mto. Jua lote hili! Nani kamwambia habari za mto?

Wote walijua nani. Jirani yake Pindo, waliyembandika jina la Bwana Bati, alikuwa ameongeza chumba nyuma ya nyumba yake na paa akalielekeza kwa mwenzake, kwa hiyo mvua ya paa lile yote ilishukia dirisha la jikoni kwa Pindo. Walishagombana wakaitana ofisi ya mtaa, wakarudi, wakagombana upya. Sasa hata salamu hakuna, na anayekohoa upande huu wa ukuta, wa upande wa pili hupandisha redio.

Pindo alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa bati tu. Mkewe alikwenda kwa binti yao kumwangalia mzazi, akakuta pacha, akawabeba mmoja kulia mmoja kushoto, na hapo akasema harudi. Kila jioni alipiga simu kuuliza neno moja, umeuza? Binti alishamtengea baba yake chumba chenye mwanga mzuri wa kushonea. Wajukuu walishaota meno, babu yao hajawashika, na bila kuuza nyumba hakuwa na nauli ya kuhamisha hata kitanda. Alikuwa anakula wali mkavu peke yake akitazama ukuta wa mtu asiyempenda. Ilimuuma sana.

— Mimi nashinda pale nyumbani, akaendelea. Nafagia, napiga deki, namsubiri mteja mlangoni ili yule bwana asimwahi. Na bado anamwahi. Kila anayekuja, anafika kashajua.

Hakimu akakohoa kwa namna ya watu wanaosimama wakiitwa na karani.

— Hiyo ni sheria ya ukimya, akasema. Anakuchosha mpaka ushushe bei, halafu anajitokeza kununua yeye. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo? akauliza Mama Birika.

— Kinaingia polepole. Ndiyo maana yake.

Kipa hakukubali. Kwa maoni yake jirani hana haja ya kununua chochote. Anasimama dirishani tu, mteja akiingia anamtazama kwa jicho lile la mshambuliaji kabla ya penalti, na mteja anaondoka mwenyewe. Yeye Kipa alishaonja jicho la namna hiyo katika fainali fulani, mpaka leo goti linamuuma. Pindo akamwambia dirisha la jirani limefungwa tangu juzi. Kipa akasema basi anatazamia kwenye tundu la kitasa.

— Nyinyi mnaongea habari za zamani, akasema Waya. Sikilizeni. Lile paa si paa. Nani anajenga chumba cha kulala kinachomwagia mwenzake maji? Pale juu kuna chombo. Pindo akiongea na mkewe kwenye simu, kinanasa. Yule bwana anajua mteja anakuja kabla mteja mwenyewe hajavaa viatu.

— Ulikiona? akauliza Pindo.

— Kitu kilichofichwa vizuri hakionekani. Huo ndio ushahidi.

Mama Birika akamwongezea Pindo kahawa kabla hajaomba. Waya naye alikuwa ameshapata moto. Akasema, na tena wale wanunuzi si wanunuzi. Ni ndugu zake Bwana Bati, wote, anawatuma kwa zamu waje wavunje moyo. Ndiyo maana hawaingii vyumbani, vyumba wanavijua.

— Yule mama wa leo masikio yalikuwa kama ya Bwana Bati, akasema Kipa.

— Wewe ulimwona wapi? akauliza Pindo.

Kipa akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Hakimu akaokoa jahazi kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa kuwa Fundi ni mshonaji, aanze kukagua nguo za wateja, huenda jirani amempelekea suruali ya kupunguza. Pindo akajishika kichwa. Alikuwa amekuja kupumzisha akili, na sasa alikuwa na bati linalosikiliza, ukoo mzima wa wanunuzi bandia, na suruali ya kutilia shaka. Alitamani kwenda zake, ila nyumbani nako kulikuwa na ule ukuta.

Ndipo akatokea mwanamke mmoja kutoka upande wa barabara, amevaa sare ya uuguzi na viatu vya kazi, uso wa mtu aliyemaliza zamu. Akasalimia vizuri, kila mtu kwa umri wake.

— Samahani. Nimesoma kibao kule barabarani, kinasema nyumba inauzwa, ulizia kijiweni. Ni ipi?

Pindo alikuwa na kahawa mdomoni. Kabla hajaimeza, Kipa alishadaka.

— Ile ya jirani mkorofi? Kunja kichochoro cha pili, ukiona bati limechungulia ua wa mwenzake, umefika. Ila mvua ikinyesha, dada yangu, jikoni kuna mto.

— Na ongea taratibu ukiwa pale, akasema Waya. Ukuta una masikio.

— Mimi sikushauri wala sikuzuii, akamalizia Hakimu. Ila shauri lipo.

Walisema kwa kupokezana, bila kugongana, kama watu waliokwisha kuyasema mara nyingi. Pindo akameza kahawa. Neno mto lilikuwa lake. Alilitunga yeye, masika yaliyopita, akiwa ameketi papa hapa, na wakacheka mpaka tofali likateleza.

Nesi hakuondoka. Alihamisha mkoba kutoka bega hili hadi lile.

— Mkorofi kwa namna gani?

— Anafukuza wanunuzi, akasema Kipa. Wote.

— Na huyo mwenye nyumba, wanapatana?

— Wapatane wapi. Hata salamu hakuna. Wanachukiana kabisa.

Nesi akafikiri kidogo.

— Sasa kama anamchukia hivyo, akauliza, si angefurahi ahame leo hii? Kwa nini amfukuzie wanunuzi?

 Waya akatazama nguzo ya umeme kana kwamba jibu limetundikwa kule. Kipa, ambaye hajaacha jambo limpite, aliliacha hilo likapita.

Pindo akamgeukia Mama Birika.

— Wale wa asubuhi walipita hapa?

— Kibao si umeandika mwenyewe, baba? akasema Mama Birika. Wote hupita hapa. Mimi nawauzia kahawa, hawa wanawapa habari. Nimewaambia waache, wakasema wanakutetea.

— Tulikuwa tunakuonea uchungu, akasema Kipa kwa sauti ndogo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hasira ilimpanda Pindo, ikakosa pa kukaa. Aligombana na ukuta miezi yote hii, akamlaani mtu ambaye huenda kila usiku aliomba nyumba ile iuzwe upesi kuliko yeye mwenyewe. Akawafikiria wale pacha. Akanyoosha kikombe, Mama Birika akainamisha birika, likatoa tone moja na masizi.

— Imekwisha, akasema.

Pindo akasimama, akavua futi shingoni, akaikunja.

— Twende, mwanangu. Nyumba ni yangu. Mto upo kweli, wa masika, nitakuonyesha unapopita.

— Na jirani?

— Tutamgongea. Muulize mkorofi ni nani, atakwambia ni mimi.

Nesi akacheka, kwa mara ya kwanza, wakashika njia ya kichochoroni. Benchi likayumba upande uliobaki mtupu, na nyuma yake Pindo akamsikia Waya akinong'ona, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia:

— Yule dada katumwa. Mmeona lakini alivyouliza?