Dada Subiri na Ujumbe wa Mama

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ile ile tulimotoka asubuhi hii tukiwa na jeneza lake. Alikuwa kifungua mimba. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba, na ndugu wawili waliozaliwa katikati yetu walikwisha kututangulia. Wengi mlimwita Dada Subiri, kwa sababu hakujibu jambo kabla ya kusema, "Subiri kidogo," akafumba macho na kumsikiliza Mungu. Siku moja dukani alifumba macho mbele ya vitambaa vya pazia mpaka mwenye duka akaishiwa uvumilivu: "Dada, mwambie afanye haraka, nataka kufunga!" Marehemu alicheka kuliko sisi sote, akachukua cha kijani.

Tabia hiyo aliipata ukubwani. Ujanani hakuwa na haja ya kusikiliza, maana Mama alimsikilizia.

Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na kanisa letu, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1979 akiwa wa pili darasani na kupata nafasi katika chuo cha uuguzi. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, Baba alifariki. Siku ya safari ya chuoni, sanduku likiwa limeshafungwa, Mama, ambaye alikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi, alisimama mlangoni akasema, "Bwana amenionyesha. Hutatoka nyumba hii mpaka mimi nitoke." Nani angebishana na Bwana? Dada alifungua sanduku, akarudisha nguo kabatini. Hakulia. Niliyelia ni mimi, na nilikuwa na miaka sita tu.

Januari 1981 aliajiriwa hospitalini, katika chumba cha kufulia na kupiga pasi, akafanya kazi humo hadi alipostaafu mwaka 2021. Wasichana aliosoma nao walikuja kuwa wauguzi, na sare zao zilinyooshwa na yeye. Mwaka 1988 alitakiwa kwenda kuwa msimamizi katika hospitali mpya ya mji mwingine. Mama akaota mto umefurika. Dereva wa gari la wagonjwa alipoleta posa, Mama akaonyeshwa tena. Marehemu alikubali kila mara kwa shingo upande, kisha akatubu kwa sababu ya hiyo shingo. Aliamini kwamba Mungu husema yale yanayouma tu, na kwamba kila analolitamani limetoka kwa yule mwovu. Nilikasirika sana miaka hiyo, na sioni sababu ya kuficha. Dada yangu alikuwa kifungoni, na hapakuwa na kufuli ambalo mtu angeweza kulivunja.

Jumanne moja ya mwaka 2004 alikuwa akipiga pasi shuka za wodi. Alinisimulia kwamba hakusikia kitu kwa masikio. Neno lilitua tu ndani yake: "Binti yangu, umechoka." Basi. Halikufuatwa na amri. Alisimama na pasi palepale mpaka mwenzake akapiga kelele, "We dada, unaunguza shuka la watu!" Jioni alikuja kwangu akaniambia, "Mdogo wangu, miaka yote nimeletewa ujumbe wa Mungu, na hakuna hata mmoja ulioniuliza hali yangu. Huyu wa leo ananijua. Sasa siku zote nilikuwa namtii nani?"

Tangu hapo akaanza kujifunza, na hakupatia kila mara. Kuna siku alidhani ametumwa kumwona shangazi, akakuta shangazi amesafiri. "Basi ile ilikuwa njaa yangu," alisema, "nilitamani mapishi yake." Alisoma Maandiko, akauliza wenzake kanisani, akangoja. Polepole alitambua kwamba sauti ya Mungu haikumtisha wala kumkimbiza, na hata ilipomkosoa hakubaki amevunjika.

Mwaka 2007 fundi bomba mmoja, aliyekuwa amefiwa na mkewe, alikuja kutengeneza bomba la jikoni, kisha akawa anarudi kila wiki kulikagua, ingawa lilikuwa zima kabisa. Alipoleta posa, Mama alitamka mbele ya wageni kwamba Bwana amekataa. "Subiri kidogo, Mama," alisema marehemu, akafumba macho. Kisha akasema, "Mimi hajaniambia hivyo." Walifunga ndoa tarehe 14 Julai. Lakini siku ya kuhamia kwa mumewe, Mama alijilaza kitandani akagoma kula, hata ikabidi bwana harusi ndiye ahamie kwetu na spana zake. Dada alipata mume, mlango hakuupata. Miaka yote iliyofuata alimwomba Mama jambo moja tu: "Mama, sema kwamba unaogopa kubaki peke yako. Nitakaa na wewe. Ila usimsingizie Mungu." Kila alipoambiwa hivyo, Mama aligeukia ukutani.

Februari 2024 madaktari walimkuta na saratani ya ini. Mama aliingia chumbani akiwa na ujumbe kwamba atapona. Marehemu alimwambia, "Mama, leo usiniletee ujumbe. Kaa hapa tu." Mama alikaa, akamshika mkono, na kwa wiki nyingi hakutoka pale ila kwa kulazimishwa. Dada yetu alifariki Ijumaa, tarehe 21 Juni 2024, mchana. Tunawashukuru wauguzi waliomhudumia.

Ameacha mama mzazi, mume, binti wa mumewe aliyemlea kama wake, wajukuu wawili, na mimi mdogo wake.

Jana jioni nilimsomea Mama maneno haya yote, nikiwa tayari kufuta atakachokataa. Hakukataa hata moja. Aliniomba niongeze lake, nami nalisoma kama alivyolisema: "Mwanangu, Mungu hakuniambia. Niliogopa."

Dada hakulisikia. Bwana ampumzishe kwa amani.