Aliyefunga Nyuzi kwenye Miche Hai

Mwanangu amekaa sasa hivi juu ya karatasi ya kwanza ya wasifu huu, akailoanisha yote. Mtanisamehe, naanza upya.

Baba yetu wa kitengo cha tabianchi, tunayemwita Mzee Lini, anastaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Wapo wenye maneno mazuri kunishinda. Mimi ni mhudumu wa ofisi, nafagia na kupeleka barua, shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini mwenyewe alisema, "Aniandike huyu binti. Barua zangu kazibeba yeye."

Kazi yake ilikuwa kuikumbusha serikali ahadi yake yenyewe: moshi upungue, misitu irudi, na mwaka wa kutimiza hayo ulitajwa. Kila baada ya miezi mitatu aliziandikia wizara swali lile lile: lini? Jibu nalo lilikuwa lile lile: "Linashughulikiwa." Faili la majibu hayo limenenepa hadi tunaliegemezea mlango usijifunge.

Wizara moja iliposema imepanda miche milioni mbili, hakubishana. Alikwenda na nyuzi nyekundu mia, akapima sehemu yenye mashimo mia, akafunga uzi mmoja kwa kila mche ulio hai. Nyuzi themanini na moja alirudi nazo mfukoni. Alizimwaga mezani mbele ya wakubwa, akasema, "Hii ndiyo miche iliyokufa, waheshimiwa. Taarifa haitoi kivuli."

Naye aliwahi kukosea. Mwaka mmoja alifunga nyuzi kwenye magugu yanayofanana na miche, wizara ikapata sifa isiyostahili. Alipogundua, aliandika barua ya kukiri kabla hajaulizwa. Wenzake wakamcheka, "Mzee, unajichongea mwenyewe!" Hiyo ndiyo barua pekee ya kukiri kosa niliyowahi kuibeba katika jengo hili.

Amechoka, na sisi tunaomtazama tumechoka. Taarifa yake ya mwisho, inayopaswa kwenda bungeni, iko mezani kwa mkurugenzi, leo siku ya kumi na moja. Inasema lengo halijafikiwa. Huko juu wanataka aandike "linaelekea kufikiwa." Amekataa. Isiposainiwa kabla ya saa kumi jioni, atakayerithi kiti chake ataanza moja, na mwaka mwingine utakwenda na maji. Kila asubuhi amepanda ghorofa nne kuiulizia, maana lifti ilikufa zamani. Jana nilimpa kiti apumue. "Kazi haijanichosha, mwanangu," akasema, "ngazi ndizo." Nilicheka mimi, yeye hakucheka.

Bado natumaini. Mwaka wa lengo ukifika, binti yangu atakuwa darasa la tano. Nataka siku hiyo asome kitu cha kweli, hata kama ni kichungu.

Baba, asante kwa kutusemea bila kupaza sauti. Tunakutakia magoti mazima, usingizi usiokatika, na wajukuu wa kukuchosha kwa raha. Umetufundisha kwamba serikali ikiahidi, sisi wananchi tuna haki ya — samahani, katibu muhtasi ananiita kutoka ngazini, "We mama mtoto, acha kalamu, panda!" Mkurugenzi amesaini, neno ni lile lile, halijafikiwa, niichukue bahasha niikimbize bungeni kabla hajabadili mawa—